"Mtoto njiti hasikii maumivu": maneno ya wodini na ukweli wake

Siku ya tatu baada ya kujifungua nilisimama pembeni ya inkubeta nikaangalia mwanangu anachomwa kisigino, ni kile kipimo cha sukari tu, wiki 30, gramu 1,280, kisigino chenyewe kidogo kuliko ncha ya kidole gumba changu. Hakulia. Nesi akaniambia kwa upole kabisa, "unaona mama, hawa hata hawasikii bado." Ila mi nilikuwa naangalia uso. Pale katikati ya nyusi palivimba, macho yakabanwa mpaka yakawa mistari miwili, vidole vya mguu vikatanuka kila kimoja upande wake, na ile namba ya oksijeni kwenye mashine ikashuka kutoka 94 mpaka 83 ikaanza kupiga kelele. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, sauti ndo haikutoka.

Tokea hapo kila shoga au wifi wa mtu akipata njiti ananipigia mimi, awe Mbagala, awe Tabata, awe Kigamboni, na maneno anayokuja nayo ni yale yale niliyoambiwa mimi. Sasa leo nayaandika.

La kwanza ndo hilo la neva hazijakomaa kwa hiyo hasikii. Usimlaumu sana nesi wangu, hata maprofesa wa Ulaya na Marekani waliamini hivyo mpaka miaka ya 1980, vichanga walikuwa wanapasuliwa na dawa ya kuwalegeza misuli wasitikisike pamoja na ganzi nyepesi mno. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake kule Oxford walionyesha kwamba njiti waliopasuliwa mshipa wa karibu na moyo wakiwa wamepewa dawa kali ya maumivu, homoni zao za msongo hazikupanda kama za wenzao na baada ya upasuaji walipata matatizo machache. Na ukweli wenyewe ni kinyume kabisa cha tunavyodhani, manake nyaya za kupeleka maumivu kwenye ubongo zinatangulia kuunganika ila breki za kuyapoza zinachelewa, kwa hiyo njiti anaweza kuumia kuliko we na mimi, na ukimgusagusa muda mfupi baada ya kumchoma, hata kumbadilisha nepi tu, kwake inaweza kuwa maumivu mengine.

"Asipolia basi haumii." Hili linafuatana na la kwanza. Kulia kunataka nguvu na njiti hana. Kuna kipimo kinaitwa PIPP, kilitolewa Kanada mwaka 1996, kinaangalia nyusi, macho kubanwa, mkunjo wa pembeni ya pua, mapigo ya moyo na oksijeni, alafu cha kushangaza mtoto aliyezaliwa na wiki pungufu zaidi anaongezewa pointi, yaani wenyewe wanajua mdogo anaonyesha kidogo kuliko anavyoumia. Wengine wanalegea tu kama kitambaa. Mtoto aliyelegea ghafla akichomwa hajatulia huyo, amechoka.

Alafu kuna "hatakumbuka". Kukumbuka kwa kusimulia hatakumbuka, sawa, ila mwili unaweka hesabu. Njiti hachomwi mara moja, utafiti wa Ufaransa uliotoka 2008 ulihesabu vichanga 430 wa wodi za uangalizi maalumu maeneo ya Paris ikaonekana nusu ya watoto wanafanyiwa mambo ya kuuma mara 10 au zaidi kwa siku, na karibu manne kati ya matano yanafanyika bila kupewa chochote cha kumtuliza. Na hapo ni Paris. Kule Vancouver, Kanada, wamefuatilia njiti kwa miaka wakakuta waliochomwa mara nyingi zaidi wana tofauti kwenye ukuaji wa ubongo na homoni za msongo hata ukitoa hesabu ya ugonjwa wenyewe. Sisemi hivi kukutia hofu, vipimo vinahitajika, bila kile kipimo cha sukari sijui ningekuwa naandika nini leo. Nasema kuumia kunaweza kupunguzwa na sehemu kubwa ya kupunguza iko mikononi mwa mama, na hili ndo hatuambiwi.

Manake watu wanasema "sasa bila dawa utamfanyaje?" Kifua chako kipo. Kangaroo, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978, dokta Edgar Rey alikuwa na watoto wengi na inkubeta chache, ndo maana mpaka leo kuna watu hapa mjini wanaona kangaroo ni ya hospitali zisizo na mashine, mama mmoja jirani yangu wodini alikuwa analia kabisa alipohamishiwa chumba cha kangaroo akijua mwanae ameshushwa daraja. Daraja gani! Mwaka 2021 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, waliowekwa kifuani mapema tangu kuzaliwa walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubiri watulie kwanza, na 2022 Shirika la Afya Duniani likasema kangaroo iwe saa 8 mpaka 24 kwa siku kwa njiti wote. Wengi tunaijua kwa joto na uzito. Ila hata kwenye kuchomwa inasaidia, mtoto akiwa ngozi kwa ngozi robo saa hivi kabla ya sindano na akabaki hapo hapo wakati wa kuchomwa, uso unakunjamana kidogo na moyo unarudi kwenye mwendo wake haraka. Kisigino kinachomolewa pembeni ya kitenge, basi, hakuna haja ya kumfungua.

"Akichomwa akiwa kwako atakuchukia, atalihusisha titi na sindano." Hapana. Shirika hilo hilo la Afya tangu 2015 linashauri mama anyonyeshe wakati wa chanjo, kwa hao wanaoweza kunyonya.

Kama kifua hakiwezekani, labda ana mirija mingi, kuna mikono, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo niliyoitumia zaidi. Watu wanadhani kumshika mtoto ni kumkandamiza, mmoja anavuta mguu unyooke mwingine anabana mikono asirushe. Mtoto alikuwa amejikunja tumboni jamani, kumnyoosha ndo kumtoa kwenye alichokizoea. Nawa mikono, pasha viganja vyako kwanza visiwe vya baridi, kimoja kizunguke kichwa bila kusugua, kingine kikusanye miguu ikunjwe kuelekea tumboni na mikono yake ije karibu na mdomo, alafu tulia. Usimpapase papase, usimtikise. Ule uzito wa mkono uliotulia ndo anaoutaka. Anza kabla hajachomwa, shikilia mpaka mwisho, na usiachie ghafla sindano ikishatoka, subiri nyusi zilegee. Unaachia mguu mmoja tu wa kuchomwa. Kumzungushia khanga nako kunasaidia, ila isibane miguu ikanyooka, nyonga zipate kukunjika.

Haya, sukari. Mama mkwe wangu, Mungu ampe umri, alikuja na kichupa cha asali kwenye pochi, "mpake ulimini mwanangu atanyamaza". Asali hapana, chini ya mwaka mmoja hapana kabisa, inaweza kuwa na vijidudu vya sumu inayolegeza misuli mpaka pumzi. Na maji ya sukari ya kukoroga nyumbani nayo hapana, utumbo wa njiti ni mwepesi kuharibika. Ila mama mkwe hakukosea kila kitu. Hospitali zinatumia kweli maji ya sukari maalumu, kawaida asilimia 24, matone machache juu ya ulimi kama dakika mbili kabla ya kuchoma, na tafiti nyingi zinaonyesha mtoto anakunja uso kidogo. Hilo anatoa mhudumu, kwa kipimo chake. Na hata hapo msiegemee sukari peke yake, mwaka 2010 watafiti wa London walipima ubongo wa vichanga waliopewa sukari wakati wa kuchomwa kisigino wakakuta uso umetulia lakini ubongo unaitikia vile vile. Wataalamu bado wanabishana maana yake, mimi limenifundisha kutokufurahia uso peke yake.

Maziwa yako uliyokamua, matone kadhaa mdomoni, ni salama kama daktari ameruhusu, ingawa peke yake ni hafifu kuliko ile sukari. Kunyonya tu bila kushiba nako kunatuliza, wodi nyingine wanatumia chuchu ya bandia, nyingine wanakataa kwa ajili ya usafi na nawaelewa, basi kidole safi au titi ulilolikamua likabaki tupu.

Kingine kidogo: sindano yenyewe siyo inayouma zaidi, ni ule mkamuo wa kisigino baadaye. Kwa hiyo damu ikihitajika nyingi uliza kama inaweza kutolewa kwenye mshipa, na kama vipimo vya asubuhi na mchana vinaweza kuunganishwa. Plasta nayo inauma ikitolewa, iloweshwe.

Na yote haya hayachukui nafasi ya dawa kwenye upasuaji au kuwekewa mrija mkubwa kifuani. Huko dawa ni dawa.

Limebaki la "mama akiwepo anasumbua". Nilitolewa nje mara nyingi, nikasimama koridoni na chupa yangu ya chai nasikiliza ile mashine ikilia nahesabu. Nesi ni mmoja, watoto ni wengi, kuna joto, feni moja imekufa, simlaumu mtu. Nilichokuja kujua ni kuomba kazi badala ya kuomba ruhusa. Sikusema tena naomba nibaki. Nilisema, "Shikamoo sista, naomba nikushikie miguu wakati unachoma, nimeshanawa." Akaniangalia, akaangalia foleni ya watoto, akasema haya.

Wiki iliyofuata mwanangu alikuwa kifuani, kofia imemshukia mpaka kwenye nyusi. Sista akachomoa mguu pembeni ya kitenge, akachoma. Nikasikia tumbo lake likikaza juu ya langu, alafu likalegea. Namba ilitoka 95 ikafika 90 ikarudi. Sista akafuta damu na pamba, akabaki anaiangalia ile mashine kidogo, akaniambia, "kesho asubuhi ana kipimo cha manjano, usimtoe, nitakuja hapo hapo."