Katizo ni hodi tu

Nimeisikia tena, safari hii kwa mtu anayefundisha: "Kompyuta za zamani zilipokea data kwa katizo." Sentensi inateleza vizuri mdomoni, ila si kweli.

Maana kwa haraka: katizo ni ishara ambayo kifaa cha nje huipelekea prosesa, sehemu inayotekeleza amri, ili programu inayoendelea isimame kidogo, kifaa kihudumiwe, kisha programu iendelee pale ilipoachia. Hakuna data ndani yake.

Nusu ya lawama naipeleka kwa neno lenyewe. Katiza limezaliwa na kata, na wengi husikia "kata" wakaishia hapo. Lakini anayekata simu amemaliza maongezi, anayekatiza maongezi amewaingilia tu, na akishasema lake mnaulizana, "Tulikuwa wapi vile?" Katizo zima limejengwa juu ya swali hilo. Chukua PDP-8, kompyuta ndogo ya kampuni ya DEC ya mwaka 1965. Katizo likiingia, amri inayotekelezwa humalizwa kwanza. Kisha anwani ya amri iliyokuwa inafuata huandikwa kwenye seli namba 0 ya kumbukumbu, na prosesa huanza kusoma amri za seli namba 1. "Tulikuwa wapi" imehifadhiwa kwenye sifuri.

Mimi ningeliita hodi. Tena hodi ya PDP-8 ni ya yule jirani ambaye ukimuuliza "Nani?" anajibu "Mimi." Vifaa vyote vilitumia njia moja ya katizo, kwa hiyo programu ilibidi ipite kifaa kimoja kimoja ikikagua bendera, yaani alama ya kifaa kuwa kinahitaji kuhudumiwa: ni wewe, kibodi? Ni wewe, printa? Kibodi ya teletaipu, mashine ya chapa iliyounganishwa na kompyuta, ilikuwa kifaa namba 03. Amri ya KSF, yaani 6031 kwa oktali (namba za msingi wa nane), iliangalia kama bendera yake imepanda. Ikiwa imepanda, amri inayofuata ilirukwa, na hivyo programu ikajua aliyepiga hodi ni kibodi. Wakati wote huo herufi bado iko nje, imekaa kwenye rejista, hifadhi ndogo, ya kifaa. Mpaka programu itoe KRB, 6036, ndipo herufi iingie kwenye akumuleta, rejista ya hesabu ya prosesa, na bendera ishuke. Kompyuta ya DEC iliyokuja baadaye, PDP-11 ya mwaka 1970, walau iliwafunza wageni kujitaja.

Hata bila hodi kazi ilifanyika: programu inazunguka kwenye KSF hadi bendera ipande. Ila teletaipu ya ASR-33 ilikwenda herufi 10 kwa sekunde, na kati ya herufi moja na nyingine PDP-8 ingeweza kujumlisha zaidi ya mara 30,000. Nani akeshe mlangoni muda wote huo?

Nadhani kinachowachanganya watu ni njia nyingine, ambayo DEC waliiita "data break". Hapo kifaa chenye kasi, diski kwa mfano, kiliandika data moja kwa moja kwenye kumbukumbu, kikichukua zamu mojamoja bila programu kuhusika. Huyo anapitia mlango wa uani na kushusha mzigo jikoni. Hodi anaipiga akishamaliza.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, sentensi yako inahitaji kurekebishwa kidogo tu. Badala ya "kwa katizo", sema "baada ya katizo" ukiwa kwenye teletaipu, na "kabla ya katizo" ukifika kwenye diski.