Maji ya ziwa si mafuta: dhana potofu za haidrojeni zinazosikika Mwanza

"Tunalo ziwa lote hili, tunashindwaje kutengeneza haidrojeni?" Swali hili, la gesi inayotakiwa kuchomwa kama mafuta, linaletwa na madiwani, wenye viwanda vya minofu, viongozi wa vyama vya wavuvi, hata wahandisi ambao kemia ya kidato cha pili ilitakiwa kuwatosha. Basi tulijibu mara moja, halafu tuyaguse na mengine yanayotembea nalo.

"Ziwa ndio mtaji wetu"

Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Ni majivu. Hakuna mpishi anayechota majivu ya jana akayatia jikoni akisubiri maharage yaive, lakini kwenye haidrojeni ndiko watu wanakotaka kwenda. Ili uitoe kwenye maji, lazima urudishe nishati yote iliyotoka wakati inaungua, na juu yake ulipie kile ambacho mashine inakipoteza njiani. Malipo hayo ni umeme.

Hesabu iko hivi. Kilo moja ya haidrojeni inahitaji lita 9 za maji kikemia, tuseme 10 ukiweka na upotevu, na umeme wa yuniti 50 hadi 55. Elektrolaiza, yaani mashine ya kutenganisha maji kwa umeme, ya megawati 1 ikifanya kazi usiku na mchana inatoa kama kilo 450 kwa siku. Inataka lita 4,500 za maji yaliyosafishwa, na kuzipata kwa mashine ya RO, inayosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi, utaingiza lita 6,000 hadi 7,500 za maji ya kawaida. Ukiacha maji ya kupozea, ambayo yanazunguka tu, boza moja la lita 10,000 linatosha na linabakiza. Sasa tazama upande wa pili: yuniti 24,000 kila siku. Mtu wa Dodoma mwenye boza na umeme wa bei nafuu anakushinda wewe wa Capri Point mwenye ziwa mlangoni.

Chukua yuniti kwa shilingi 200, kwa mfano tu. Umeme peke yake unakuwa shilingi 10,600 kwa kilo, kabla hujagusa bei ya mashine, kompresa na mshahara wa fundi. Kilo hiyo ina nishati ya yuniti 33, yaani kama lita 3 na kidogo za dizeli. Ukiipitisha kwenye seli ya fueli, kifaa kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme, ili upate umeme tena, unatoka na yuniti 16 hadi 18. Umeweka 53, umechukua 18. Betri ingekurudishia kama 45. Anayetaka kuwasha taa za hoteli usiku anunue betri, tusipotezeane muda.

Dhana hii ina mtoto: zile chupa zinazofungwa chini ya boneti ili "gari litumie maji". Umeme wa kutenganisha maji unatoka kwenye oltaneta, oltaneta inazungushwa na injini, injini inakunywa petroli. Kila hatua inapoteza. Fundi anayekuuzia chupa hiyo anakuuzia mzigo mpya wa injini.

Na maji ya ziwa hayaingii kwenye elektrolaiza kama yalivyo. Yana mwani, tope la mvua, chuma na chokaa. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: chujio la kuzuia takataka, kichujio cha mchanga, kichujio cha mkaa, RO, kisha resini ya kuondoa ayoni zilizobaki, hadi upitishaji umeme wa maji ushuke chini ya maikrosimensi 1 kwa sentimita. Wanaochukua maji ya bomba la mjini hudhani wameruka kazi. Maji hayo yana klorini, na klorini inakula utando wa RO. Mkaa ukichakaa bila kubadilishwa, utando unatoboka, chumvi zinapita, resini inaisha ndani ya siku badala ya miezi, na chuma na kalisi vinajishikiza kwenye utando wa elektrolaiza yenyewe. Dalili yake ni volti za seli kupanda huku gesi ikiwa ile ile. Ukifika hapo, mara nyingi ni kununua moyo mpya wa mashine. Kwa hiyo pima klorini baada ya mkaa kila wiki, na pima tope la maji msimu wa masika, si Julai mvua zikiwa zimekatika.

"Tutajaza kwenye mitungi ya gesi iliyopo"

Mtungi wa gesi ya kupikia unabeba kimiminika chenye presha ndogo, kama bar 7 hivi. Haidrojeni haigeuki kimiminika hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, kwa hiyo inabanwa: bar 200 kwa mitungi ya viwandani, 350 kwa mabasi, 700 kwa magari madogo. Mtungi wa chuma wa lita 50 kwa bar 200 una uzito wa kilo 60 na zaidi, na ndani yake kuna gesi isiyofika hata kilo moja, sawa na lita mbili na nusu za dizeli. Pakia fuso moja ya mitungi hiyo uone unapeleka nini Sengerema. Isitoshe, haidrojeni hupenya kwenye baadhi ya vyuma na kuvifanya vikatike kama biskuti, kwa hiyo bomba lolote lililokuwa na gesi nyingine halihamishwi kazi bila kupimwa.

"Hilo ni bomu"

Ni hatari kwa namna yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14, inakimbilia juu. Inawaka ikiwa asilimia 4 hadi 75 ya hewa, na cheche ndogo kabisa inatosha. Kwa hiyo vihisi vya kunusa gesi vinawekwa juu kabisa ya paa, na paa liwe wazi kileleni. Kosa linalorudiwa ni banda zuri lenye dari ya kupendeza: umejenga mfuko wa kukusanyia gesi. Haina harufu, na ile harufu inayotiwa kwenye gesi ya kupikia huharibu seli za fueli. Moto wake hauonekani vizuri mchana, zimamoto wanahitaji kamera ya joto. Zamani waliokuwa wakifanya kazi nayo walitanguliza fagio: likishika moto, umeuona.

Mlipuko wa kituo cha kujazia karibu na Oslo, Juni 2019, ulitokana na boliti za kizibo cha tangi ambazo hazikukazwa sawasawa. Spana ya torki, ile inayopima ukazaji, na daftari la sahihi, basi.

"Jua ni la bure, tutaendeshea paneli"

Kwa paneli peke yake mashine inapata sawa na saa 5 za nguvu kamili. Kilo 450 zinakuwa chini ya 100, na mkopo wa mashine haupungui. Elektrolaiza ya aina ya alkali ikishuka chini ya robo ya uwezo wake, haidrojeni huanza kuvuja kuingia upande wa oksijeni na mashine hujizima yenyewe. Wingu moja tu.

"Vivuko vyote viende haidrojeni"

Norway wanacho kivuko cha MF Hydra, kinatumia haidrojeni ya kimiminika tangu 2023, na kwa kuanzia ililetwa kwa malori kutoka Ujerumani. Nchi hiyo hiyo ilikuwa na kivuko cha betri, Ampere, tangu 2015. Safari fupi kama ya Kamanga ni ya betri. Nansio kule Ukerewe, saa kadhaa majini, hapo ndipo mjadala unaanza.

"Hati ya makubaliano imesainiwa, mradi umeanza"

Picha ya watu wakipeana mikono haitengenezi hata gramu. Mbia wa kwanza ni mnunuzi: kilo ngapi kwa siku, bei gani, miaka mingapi, na nani anabeba hasara umeme ukikatika. Shell walifunga vituo vyao vya magari madogo California mwaka 2024, na hapo kuna magari ya haidrojeni maelfu. Ndiyo maana kujenga kituo kwanza na kungoja magari yaje ni kujitia kitanzi.

Mnunuzi mwenye maana kanda hii ni mbolea, na mbolea huanzia kwenye amonia. Tani moja ya amonia inakula kilo 177 za haidrojeni, kwa hiyo megawati ile moja inatoa kama tani 2.5 kwa siku. Amonia inakaa kimiminika kwa presha ya kawaida ya mtungi, na mafundi wa majokofu makubwa wanaifahamu. Ina sumu, lakini ni sumu wanayoijua. Mbia wa pili anasahaulika kila mara: mnunuzi wa oksijeni, kilo 8 kwa kila kilo ya haidrojeni, ambayo miradi mingi inaiachia hewani. Wafugaji wa sato na vituo vya vifaranga vya samaki wanaweza kuitumia bila usafi wa kiwango cha hospitali. Ila mwandikie fundi wa laini hiyo kwa herufi kubwa: hakuna grisi, hakuna mafuta, hata ya mikono, maana kwenye oksijeni vinashika moto.

Halafu vibali, na viombwe sambamba: maji kwa Bodi ya Bonde la Ziwa Victoria, mazingira NEMC, usalama OSHA na Zimamoto, na TANESCO wakuonyeshe kwa maandishi uwezo wa laini hadi kwenye kiwanja chako. Hili la TANESCO lianze kabla hujalipia kiwanja.