Ukuta wa kuzuia moto unavyoweza kuukuza mlipuko

Tangu ujenzi wa Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta kutoka Uganda, uanze, Tanga nzima ina wataalamu wa mafuta. Juzi Ngamiani fundi mmoja wa kuchomelea alinibana: "Injinia, kama mnaogopa moto huko baharini, si mzungushie ukuta wa chuma, yaishe?"

Swali lake si la kipuuzi. Kazi yangu ni kukokotoa kama jukwaa la gesi au gati ya mafuta itabaki imesimama baada ya moto au mlipuko, na kinachokinga kimoja mara nyingi hukichochea kingine.

Tuanze na moto. Katika kipimo cha maabara kinachoiga moto wa nyumba, joto hufika nyuzi 576 baada ya dakika 5. Kipimo cha moto wa mafuta, kwa muda huohuo, hukaribia 950, kisha huelekea 1,100. Chuma hakiyeyuki hapo, ila kikifika nyuzi 600 kimeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Ndiyo maana nguzo hupakwa epoksi, rangi nzito inayoumuka kama andazi kwenye karai ikipata joto. Haizuii moto milele. Tunanunua muda, tuseme saa moja au mbili, watu waondoke.

Mlipuko haukupi hata sekunde moja. Gesi ikivuja, ikachanganyika na hewa na kupata cheche, mwali hukimbia. Kila bomba unalolipita huuvuruga, na kadiri unavyovurugwa ndivyo unavyozidi kasi. Ukishazungusha ukuta, shinikizo halina pa kutokea. Likifika kilopaskali 100, kila mita ya mraba inasukumwa kwa uzito wa tani 10 hivi.

Jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, lilikuwa na kuta za kuzuia moto tu. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 mlipuko wa kwanza ulizivunja, moto ukaenea, na baada ya kama dakika 20 bomba kubwa la gesi kutoka jukwaa jirani likapasuka. Walikufa watu 167. Ripoti ya Lord Cullen, jaji aliyeongoza uchunguzi, ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106. Tangu hapo, Uingereza humtaka mwendeshaji athibitishe mwenyewe kwamba jukwaa lake ni salama. Kwangu hilo lina maana kuliko kanuni nyingine zote.

Kwa hiyo kwanza tunafungua: sakafu za wavu wa chuma, pande zilizo wazi, upepo upite. Halafu penye ulazima, kama kati ya mitambo na vyumba vya kulala, tunaweka ukuta wa kuhimili mlipuko, si wa kuzuia moto tu. Huku kwetu upepo nao una vituko vyake. Kaskazi ikiondoka inakuja kusi, hivyo mpangilio ulionakiliwa kutoka Ulaya unaweza kupeleka gesi kwenye vyumba vya watu nusu ya mwaka.

Ukuta wenyewe hutengenezwa kwa bati nene lenye migongo, nasi huuruhusu upinde, kwa sababu kupinda kunakula nguvu ya mlipuko. Wengi hukagua unene wa bati wakaridhika. Mimi naanzia miguuni pa ukuta, kwenye mshono wa kuchomelea, maana bati linaweza kupinda vizuri kabisa huku mshono ukiwa umeshachanika.