Hela ipo, kiwanja kiko wapi? Tunayokosea kuhusu ujenzi wa shule Dar

Kila Desemba kijiweni kwetu, upande wa Chanika, Simba na Yanga hupumzishwa kidogo. Januari inabisha hodi, watoto wa kidato cha kwanza wako njiani, na jengo bado limesimama kwenye lenta. Hapo kila mtu anageuka mhandisi. Niliwahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi ya shule kwa msimu mmoja, na mengi niliyokuwa nikiyatangaza pale kijiweni yalinisuta.

Linaloongoza ni hili: "Mkandarasi kala hela." Mkandarasi yupi? Madarasa mengi ya serikali yanajengwa kwa fosi akaunti. Fedha inaingia kwenye akaunti ya shule, kisha kamati za pale pale zinagawana kazi: moja inanunua, nyingine inapokea vifaa, nyingine inasimamia ujenzi. Fundi analipwa ufundi wake tu; saruji, nondo na mabati si vyake. Mhandisi wa halmashauri anapita kukagua hatua kwa hatua. Kwa hiyo aliyesaini kupokea mchanga huenda ni mama muuza duka unayemsalimia kila asubuhi. Sisemi hela haiwezi kuliwa. Nasema ukishuku, anza na daftari la mapokezi, liko shuleni kwako. Mimi mwenyewe nilipokea lori la mchanga magharibi, kulipokucha nikakuta nusu yake ni udongo. Sahihi yangu ilikuwa imeshakaa.

"Mradi ulishapitishwa, mbona kimya?" Kupitishwa na kufika ni safari mbili. Hitaji linaanzia mtaani, linakwenda kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), ndipo Bunge. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na fedha hushuka kwa awamu. Ikichelewa hadi Machi, mnachimba msingi kwenye masika. Nadhani kilichotuzoesha vibaya ni mwaka 2021. Kwa mkopo wa Sh1.3 trilioni kutoka IMF, serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa miezi michache: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani vituo vidogo vya watoto wanaoishi mbali na shule mama, kila darasa Sh20 milioni. Januari 2022 waliofaulu wakaingia kidato cha kwanza kwa pamoja, hakuna wa kusubiri chaguo la pili. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini hela ilikuwa imeshapatikana, bei ilikuwa moja, na vyumba vingi viliongezwa ndani ya uzio wa shule zilizokuwepo. Ukiondoa hayo matatu, mwendo ule haupatikani.

Sasa tuje kwenye dhana inayoniudhi zaidi, ambayo hata ndugu zetu wa mikoani wanaishikilia: kwamba Dar ina mapato, basi madarasa si tatizo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 hapa, ya 2022 ikakuta 5,383,728. Zaidi ya milioni moja ndani ya miaka 10, na wengi wamekwenda pembezoni ambako mtu ananunua kwa mwenye shamba, anajenga, barabara inafuata baadaye kama itafuata. Hakuna aliyeacha eka kadhaa akasema hapa patakuwa shule. Palipopimwa mapema, kama maeneo ya mradi wa serikali wa kupima viwanja 20,000, angalau kuna eneo lililotengwa kwenye ramani. Pengine pote, halmashauri inapaswa kununua ardhi kwa bei ya mjini au kulipa fidia, na fidia ina uthamini, mabishano, na mjomba anayeibuka kudai shamba lilikuwa la marehemu babu.

Ndiyo maana mnaona shule za ghorofa. Wapo wanaodhani ni mbwembwe za jiji. Ardhi imekwisha, kinachobaki ni kupanda juu. Ila ghorofa linataka kupima udongo, nguzo, nondo za kutosha na mtu anayejua anachofanya. Ile bei ya darasa la chini huwezi kuihamishia juu. Na uwanja wa watoto kucheza ukishamezwa na jengo, haurudi. Palipokosekana vyote viwili, shule inapishanisha zamu: hawa asubuhi, wale mchana.

Kuhusu elimu bila ada, kwa ufupi: iliyofutwa tangu 2016 ni ada. Ruzuku ambayo shule inapokea kwa kila mwanafunzi ni ya uendeshaji, na haiwezi kuezeka paa. Mchango wa ujenzi unaweza kuombwa kwa utaratibu na kibali, lakini mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga.

Halafu wako wanaoona rangi ya bluu na bati jipya wakajua shule imekwisha. Bado vyoo, kwa kipimo cha tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Bado maji, madawati, usajili, na walimu ambao hawatoki kwenye bajeti ya saruji.

Tarehe ya kuandika ukutani ni Januari 2028. Kwa mtaala mpya ulioanza 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, kwa hiyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja na kuingia sekondari pamoja. Bajeti ya mwisho kabla ya siku hiyo inaanza Julai 2027. Miezi sita inatosha kusimamisha darasa, kama kiwanja kimeshapatikana.