Wimbo wa taratibu hautakupa tempo, jamani

Jumamosi tena. Mwanafunzi wangu mmoja kaja reinji (uwanja wa mazoezi ya gofu), hedifoni kubwa zimeziba masikio yote mawili, anatabasamu, "Kocha nimepata dawa ya tempo, sasa hivi napiga na nyimbo za taratibu tu." Huyo ni wa tatu mwezi huu, na kila nikieleza pale pale naishia nusu maana mipira inaendelea kupigwa, kwa hiyo acha niandike niwe natuma link.

Tempo, yaani uwiano wa muda wa kupandisha fimbo na wa kuishusha, sio kupiga polepole!! Hapo ndo panaponichosha. Warekodi mapro wa gofu kwa simu uhesabu fremu za video, wengi wao muda wa kupandisha fimbo ni kama mara tatu ya muda wa kuishusha mpaka kwenye mpira. Mfano sekunde 0.8 juu, 0.27 chini, yaani shughuli yote imeisha ndani ya sekunde moja na kidogo. Sasa chukua wimbo wa mapigo 60 kwa dakika, pigo moja ni sekunde nzima, na wote niliowaona wanafanya kitu kile kile, pigo la kwanza wanapandisha, pigo la pili wanashusha, hiyo sio tatu kwa moja, hiyo ni sawa kwa sawa, umejifundisha kuishusha fimbo kama unashusha ndoo ya maji kichwani halafu unaniuliza mbona mpira wa ayoni 7 (fimbo ya umbali wa kati) haufiki unapofikaga.

Ukitaka pigo likubaliane na swingi (huko kupandisha na kushusha fimbo), matatu juu na moja chini, piga hesabu utapata karibu mapigo 225 kwa dakika. Hiyo ni spidi ya singeli. Niko siriasi kabisa, kwenye muziki wetu singeli ndo inasogea karibu, sio taarabu wala rumba. Lakini huhitaji hata wimbo, sema tu "pa-ndi-sha-shu-sha" kwa spidi ya kuongea kawaida, fimbo inaanza kwenye "pa", kwenye "shu" iko juu inageuka, "sha" ya mwisho ndo mpira. Jaribu bila mpira mara kumi. Kwenye kupati (kuusukuma mpira taratibu uelekee shimoni) inakuwa kama mbili kwa moja, so hata huo wimbo wako mmoja usingekutosha.

La pili ni masikio. Huyo kaka wa Jumamosi alipiga mmoja nikamuuliza umegusa wapi, akasema katikati kocha. Nikachukua fimbo nikamwonyesha, alama nyeupe ya mpira ipo kwenye ncha kabisa ya kichwa cha fimbo, karibu itoke nje. Mimi nilikuwa mita tano nyuma na nilisikia ule mlio mkavu, yeye mwenye fimbo hakusikia kitu! Mpira unakaa kwenye uso wa fimbo kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, macho hayawahi, kinachobaki kukuambia ulichofanya ni mikono na mlio, na wewe nusu ya hiyo umeizima.

Kanuni fupi tu: kanuni ya gofu namba 4.3a inaruhusu muziki wa kawaida wakati wa raundi, ila kuusikiliza ili upate tempo au uzibe kelele ni kosa, mikwaju 2 kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju au unapoteza shimo kwenye mechi ya ana kwa ana, ukirudia unatolewa. Na kamati inaweza kukaza zaidi. Reinji hakuna anayekukataza, lakini unajenga tabia ambayo siku ya mashindano ni kosa.

Nikiri kitu. Hiyo tatu kwa moja naifundisha kila wiki na bado sina uhakika kama ndo inaleta swingi nzuri au swingi ikishakuwa nzuri ndo inajipanga hivyo yenyewe. Nimewahi kumrekebisha mtu mwili tu, bila kutaja tempo, namba zikakaa sawa. Na kuna mama mmoja anakuja asubuhi, bila muziki mabega yanapanda mpaka masikioni, akiweka kispika chake kidogo pembeni ya kikapu cha mipira anapiga kama mtu mwingine. Siwezi kumwambia azime, nilichomwomba ni apunguze sauti tu ili sote wawili tuusikie mpira.