Lori likigoma alfajiri, uliza joto limepotelea wapi

Julai ya Arusha tunaijua. Bodaboda wamejifunika makoti hadi puani, na kule kwa mama lishe foleni ya chai imepinda kona. Lakini tuseme ukweli: nyuzi 11 au 12 za mjini hapa si baridi ya kuizuia injini nzima ya dizeli isiwake. Mteja akinipigia saa kumi na mbili asubuhi, "Fundi, gari imegandishwa na baridi," namjibu nakuja, na wakati navaa viatu najua nakwenda kukuta ugonjwa mwingine.

Baridi yenyewe hasa anaijua kijana wangu mmoja. Nilimfundisha kazi hapa mtaa wa Unga Limited miaka minne, sasa anaendesha semi huko Alberta, Kanada. Januari alinitumia sauti WhatsApp: "Shikamoo mwalimu. Leo huku hasi 34. Gari inalala imechomekwa kwenye umeme kama simu." Vijana wa gereji walicheka mpaka spana zikawaanguka. Nikawaambia wakae chini, maana aliyeelewa kwa nini lori la Kanada linachomekwa kwenye umeme ndiye atakayeelewa kwa nini Fuso la hapa linagoma.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inavuta hewa na kuibana mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi na nane ya ilivyokuwa, na hewa ikibanwa hivyo inapata moto. Uliyewahi kujaza upepo wa baiskeli kwa pampu ya mkono unakumbuka pampu inavyochoma vidole. Nozeli ikipuliza dizeli ndani ya hewa hiyo, dizeli inashika yenyewe. Kwenye vipimo dizeli hujiwasha kwenye nyuzi kama 210, ila ndani ya silinda yenye kuta baridi, na muda ni wa kufumba na kufumbua, unataka joto la ziada sana.

Hapa ndipo wengi hawapigi hesabu. Chukua injini nzima inayozungushwa na stata. Hewa ikiingia na nyuzi 20, juu ya pistoni inafika kama 420. Ikiingia na hasi 30, inafika kama 300 tu. Mlangoni umepoteza 50, ndani umepoteza 120. Na hiyo ni iwapo ringi, zile pete za pistoni, zinabana. Zikiwa zimechoka, hewa inachuruzika kwenda chini kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuondoka na moto wake.

Halafu mwendo wa stata. Ukizungusha haraka, joto halipati nafasi ya kuingia kwenye chuma. Ukizungusha taratibu, linanyonywa lote. Baridi inashika pande zote mbili: oili inakuwa nzito, na betri inapungua nguvu. Kwenye hasi 18 betri ya kawaida inabaki na kama nusu ya nguvu zake, siku ile ile ambayo stata inataka nyingi kuliko siku zote. Ndiyo maana wazungu wanapima ampia za betri za kuwashia kwenye hasi 18, namba utakayoiona kwenye kibandiko cha betri pembeni ya herufi CCA. Na ile W kwenye 15W-40 inasimama kwa neno lao la majira ya baridi. Namba iliyotangulia W ikiwa ndogo, oili inabaki nyepesi kwenye baridi. Kijana wangu anatumia 0W-40. Hapa 15W-40 inatosha kabisa, ila nakuta bado kuna watu wanamwaga oili nzito ya namba 40 tupu kwenye lori linalolala Karatu, halafu wanalaumu betri.

Kwa hiyo ule waya wa umeme wa Kanada unapasha maji ya injini usiku kucha. Oili inabaki laini, kuta za silinda zinabaki na uvuguvugu, stata inapata kazi nyepesi. Maji yenyewe si ya bomba; ni kulanti, dawa ya kuzuia kuganda, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, isiyoganda mpaka karibu hasi 37. Ukiweka maji matupu kule, asubuhi bloku imepasuka.

Dizeli nayo ina nta ndani yake. Ikipoa sana nta inajitenga, mafuta yanakuwa na ukungu, kisha filta inaziba kama imejaa samli. Kule vituo vinauza dizeli ya msimu wa baridi, na miaka mingi madereva walichanganya mafuta ya taa kuilainisha. Tafadhali usije ukaiga hilo hapa. Baridi yetu haifiki huko, mafuta ya taa yanaikausha pampu ya nozeli, na uchakachuaji ni kosa. Vinasaba, zile alama za siri zinazowekwa kwenye mafuta, vipo ili kukamata uchakachuaji huo huo. Kitakachokusumbua wewe ni maji. Tanki lililolala nusu linatoa jasho ndani usiku wa baridi, na jasho hilo linaishia kwenye filta. Jaza tanki jioni, fungua koki ya chini ya filta asubuhi.

Sasa nirudi nyumbani. Wiki mbili zilizopita niliitwa ukingoni mwa Ngorongoro, kule juu kwenye mita 2,300 hivi. Lori lilikuwa limepeleka saruji kwenye loji, likalala, asubuhi likagoma. Pale usiku wa Julai unaweza kukaribia sifuri, na kuna jambo la pili ambalo madereva hawalisemi: hewa ni nyepesi. Karibu robo ya hewa ya pwani haipo. Silinda inabana kidogo ilichopata.

Nilifika saa nne. Utingo alikuwa ameweka jiko la mkaa chini ya sampo, kazi ambayo babu zake madereva waliifanya na mimi siichukii, mradi sampo haivuji oili. Ile ilikuwa inavuja. Nikamwomba alitoe, akalitoa kwa shingo upande.

"Piga stata," nikamwambia dereva, mimi nikaenda nyuma kutazama moshi. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza na hakina gharama. Stata inazunguka na hakuna moshi wowote: dizeli haifiki, tafuta filta, upepo kwenye paipu, au solenoidi ya kuzimia, ile swichi ya umeme inayokata dizeli. Moshi mweupe unaochoma macho: dizeli inafika lakini haiungui, joto limepungua. Pale ulitoka mweupe, mzito kama maziwa. Na stata ilikuwa inasema ng'uu... ng'uu... ng'uu.

Nikaweka mita kwenye betri zote mbili kwa pamoja, 24.6. Dereva akapiga stata, zikashuka mpaka 22. Betri nzima. Nikahamisha mita kwenye stata yenyewe: 15. Volti saba zinapotelea njiani! Nikafuata waya wa ethi, ule unaounga betri na chuma cha gari, mpaka kwenye chesisi, nikafungua nati, chini yake kumejaa kutu na rangi ya kijani. Msasa, dakika kumi, nati nikaikaza. Stata ikazunguka kwa mwendo mwingine kabisa na injini ikashika.

Dereva alikuwa na kopo la ile spreya ya kuwashia, nusu limeshaisha. "Fundi, hii huwa inasaidia." Inasaidia kwa sababu ndani yake kuna etha, na etha inajiwasha kwenye nyuzi kama 160, kabla ya dizeli. Lakini inalipuka wakati wake yenyewe, pistoni ikiwa bado inapanda, na ringi zinavunjika. Kwenye Land Cruiser zetu za watalii ni hatari zaidi: zina hita plagi, vijiti vya umeme vinavyopasha silinda kabla ya kuwasha, na etha ikikutana na hita plagi nyekundu inaweza kuwaka kabla hujatarajia. Nimeona mfuniko wa boksi la hewa umerushwa hadi kwenye kioo. Kama Cruiser inagoma asubuhi, pima hita plagi moja moja kwa mita. Zikifa mbili kati ya sita, utadhani ni baridi.

Lile lori liliendelea kutikisika na kutoa moshi mweupe kama dakika nane hivi, kisha likatulia. Nikamwambia dereva kuna silinda haishiki mpaka ipate joto. Akanipungia mkono, akashuka zake Karatu.

Juzi kalileta mwenyewe. Tumepima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa: tano zimekaribia psi 400, namba nne ina 280. Hedi tunaifungua Jumatatu.