Balozi kwenye mazungumzo ya mafuta: kazi yake na mipaka yake

Mazungumzo ya mkataba wa mafuta yakianza, kinachozua malalamiko mengi huwa ni picha: waziri na balozi kwenye kochi, bendera mbili nyuma yao, vikombe vya chai mezani. Kufikia jioni barua zimeshaanza kumiminika, zote na swali moja: "Mbona ubalozi ndio unaotuandikia mkataba?"

Ubalozi hauandiki mkataba. Wenye mkataba ni serikali na kampuni, basi. Suala hili lilishafika hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Iran ilipotaifisha mali za Anglo-Iranian Oil Company, kampuni ya mafuta ya Uingereza, mwaka 1951, Uingereza ilishtaki ikidai kuwa makubaliano ya 1933 ya Iran na kampuni hiyo yalikuwa pia mkataba kati ya dola mbili. Tarehe 22 Julai 1952 mahakama iliikatalia: yale yalikuwa makubaliano ya serikali na kampuni, na Uingereza haikuwamo. Najua kuna atakayenikumbusha Agosti 1953, serikali ile ilipopinduliwa kwa mkono wa Uingereza na Marekani. Ni kweli, wala silipingi. Ila hapo hatuzungumzii tena diplomasia.

Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, kifungu cha 3, unampa balozi kazi ya kulinda maslahi ya nchi yake na raia wake, na kukuza uhusiano wa kiuchumi. Kwa hiyo akiuliza kwa nini kibali cha kampuni ya kwao kimekwama, yuko kazini. Akitaka kiwango cha mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa serikali kwa mafuta inayochimba, kishushwe la sivyo msaada fulani utasitishwa, anagusa kifungu cha 41, kinachomkataza kuingilia mambo ya ndani.

Kifungu hicho hicho kinataka shughuli rasmi zipitie Wizara ya Mambo ya Nje, au wizara nyingine iliyokubaliwa. Barua ya ubalozi huandikwa kwa nafsi ya tatu, haina saini, ina mhuri na herufi za kwanza za jina la ofisa. Inapokewa masjala, inapewa namba, inafunguliwa jalada, kisha wizara ya nishati inapelekewa nakala. Majibu hurudi kwa njia ile ile. Balozi akimpigia simu usiku mtaalamu wa timu ya majadiliano, mtaalamu huyo aandike dokezo kesho yake asubuhi: nani alipiga, saa ngapi, alitaka nini. Dokezo lisipoandikwa, baadaye hakuna cha kuthibitisha.

Wengi huuliza kwa nini balozi hashtakiwi. Ana kinga. Nchi mwenyeji inaweza, kwa kifungu cha 9, kumtangaza kuwa mtu asiyekubalika wakati wowote, bila kueleza sababu. Kifungu cha 42 kinamkataza kufanya biashara kwa faida yake binafsi. Kampuni yenyewe haina kinga hiyo: Marekani, kwa mfano, ina sheria tangu 1977 inayoadhibu kampuni zinazohonga maofisa wa serikali za kigeni.

Mgogoro ukishakubaliwa kwenda kwenye usuluhishi chini ya Mkataba wa Washington wa 1965 kuhusu migogoro ya uwekezaji, kifungu cha 27 kinaizuia nchi ya kampuni kulibeba dai hilo kidiplomasia, isipokuwa nchi mwenyeji ikikaidi tuzo, yaani uamuzi wa wasuluhishi. Mazungumzo ya kawaida ya kurahisisha maelewano bado yanaruhusiwa, na hapa ndipo picha nyingi za kwenye kochi zinapoangukia.

Balozi anaweza pia kuwa maji ya kuzimia moto. Mexico ilipotaifisha mafuta Machi 1938, balozi wa Marekani Josephus Daniels alipunguza makali ya barua ya serikali yake mwenyewe. Mwaka 1942 wataalamu wawili, mmoja wa kila upande, walikadiria fidia ya takriban dola milioni 24.

Mwenye malalamiko atuletee tarehe, cheo cha ofisa aliyeshinikizwa na kifungu cha mkataba kilichobadilika baada ya hapo. Picha ya kochi tunayo tayari.